Kanga za Tunu kwenye Kamba Yangu

Alhamisi, 3 Aprili

Dayari hii nimepewa na Jesca. Jesca ni mwalimu, tunapakana ukuta, na amechoka kunisikia nikigombana na sufuria. Kaniambia, "Andika, jirani. Ukishaandika ndio uje kunisimulia, na unisimulie nusu."

Haya. Mimi ni Zubeda, fundi cherehani, wa hapahapa Mbagala. Mume wangu Mudathir ni seremala, karakana yake iko Chang'ombe. Ana wake wawili. Mkubwa ndiye anayeandika. Mdogo anaitwa Tunu, ana mimba ya miezi sita, na tangu tumbo lile lianze kuonekana mimi sijala nikashiba.

Leo amehamia kwangu. Chumba alichopangiwa bondeni kule Mtoni kimeingia maji, na nyumba inayojengwa Bunju bado haijapigwa plasta. Mudathir kamleta uani, kwenye chumba changu cha kushonea. Cherehani yangu imehamishiwa sebuleni, karibu na televisheni. Mteja akija kupimwa kiuno sasa atapimwa mbele ya taarifa ya habari. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka mvua ziishe, akatoka haraka kwenda kushusha godoro.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua kutwa. Nimepinda suruali tatu kwa hasira, na zote zimepinda vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume, wateja wamejaa sebuleni, na kila mmoja anachungulia uani. Wanamwita, wanamshika tumbo, wanamuuliza anataka kula nini. Fundi amekaa pale na futi shingoni, hakuna aliyemuuliza kama amekunywa chai.

Nisiwe mnafiki, Tunu mwenyewe hana ubaya wowote. Kila asubuhi ananipigia shikamoo, ananiita Da Zube, anafagia uwanja mpaka sehemu yangu. Ningependa awe na ubaya. Ningekuwa na pa kushika.

Jioni alianika nguo. Kamba yetu iko juu, Mudathir aliifunga kwa kipimo chake, kwa hiyo ilimbidi anyanyue mikono yote miwili na tumbo lile mbele. Mimi niliwahi kubeba mimba. Ilifika miezi saba. Nikapandisha mapazia ya Idd, baada ya siku chache nikaanza kutoka maji yenye harufu, na mtoto akazaliwa hana uhai. Marehemu mama mkwe alisema ni ile mikono niliyonyanyua, mjamzito hanyanyui mikono. Sikupata nyingine mpaka leo. Nilifungua mdomo kumwambia Tunu ashushe mikono. Halafu nikaufunga, nikaendelea kutia uzi sindanoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Zamu ni zilezile, usiku mbili kwangu, usiku mbili kwake. Zamani zamu yake ikifika Mudathir alikuwa anatoka getini anapotea, nami najifanya kaenda safari. Sasa anavuka uwanja tu. Nasikia kandambili zake, nasikia komeo. Nimemwambia Jesca nusu, kama alivyotaka. Amesema hata hiyo nusu imezidi.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Bomba limekatika, maji tumekinga ya paa.

Ijumaa, 18 Aprili

Jesca yuko kanisani, Ijumaa Kuu. Mie niko hapa nanusa udi.

Tunu ameanza kufukiza. Tangu juzi moshi unatoka dirishani kwake, asubuhi na jioni. Amelitoa kawa la kufukizia nguo alilopewa alipoolewa, anaweka kanga juu, chetezo chini. Mimi si mgeni wa mambo hayo. Mwanamke hafukizi udi kwa ajili ya panya. Lakini jana na leo ni zamu yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimeamka na jambo, na nitaliandika lote.

Mudathir alikuwa kwangu. Aliondoka kwenda msikitini alfajiri kama kawaida yake. Baada ya muda nikasikia maji yanamwagika bafuni. Nikachungulia dirishani. Alikuwa Tunu, ametoka kuoga, kajifunga kanga kifuani, ana ndoo mkononi. Kulikuwa na baridi, na mvua inanyunya. Mtu mwenye mimba kubwa haogi saa ile bila sababu, na sababu ya mwanamke mwenye mume kuoga alfajiri naijua, niliitumia kabla yeye hajavunja ungo.

Mudathir alirudi kachelewa. Nikamuuliza msikiti umehama. Akasema mvua ilimshika barazani. Nikatazama kandambili zake, zina tope. Lakini hata msikitini kuna tope, kwa hiyo ushahidi ule haukunifaa.

Kulipokucha nikaenda kuiangalia kamba. Kanga nne na shuka. Masika haya nguo haikauki siku mbili, watu tunavaa zenye harufu ya unyevu, yeye kafua kanga nne na shuka.

Jumatano, 23 Aprili

Kanga tatu. Usiku wa jana ulikuwa zamu yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameoga tena alfajiri. Kanga nne. Udi. Leo ni zamu yake, kwa hiyo sina neno. Lakini nimeandika.

Ijumaa, 25 Aprili

Jesca ameniambia huenda mtoto wa watu anapenda usafi. Nimemwambia yeye ni mwalimu wa hesabu, aniachie mie mambo ya uani.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, Mudathir yuko nyumbani, tukala wote watatu barazani. Wali, samaki wa nazi, vyote nimepika mimi. Tunu alikula kidogo, akasema hana hamu. Alikuwa na uso wa kuchoka. Nikaona, kama nilivyoona kila kitu wiki hii, kwamba amechoka kwa raha zake.

Nilikuwa nimejipangia kunyamaza. Mudathir akamwambia Tunu, kwa ile sauti ambayo mimi nimesahau lini aliitumia kwangu, aongeze samaki, mtoto anahitaji. Nikaweka kijiko chini.

Niliyatoa yote. Udi, bafu, msikiti uliohama, kanga. Nilisema nikiwa nimemuangalia yeye, siyo mume. "Mie si mtoto, Tunu. Anayeoga alfajiri zamu si yake, najua anaogea nini. Kamba ile ndiyo shahidi wangu, kila siku inanisomea mlichofanya."

Mudathir alisimama. Kaapa kwa Mungu kwamba hajakanyaga chumba kile zamu yangu hata siku moja. Nikamwambia apunguze viapo, chakula bado kiko mezani. Alikasirika akachukua mwavuli akaondoka.

Tunu alibaki anaangalia sahani. Nilingoja ajitetee, nilikuwa na majibu tayari. Alisema tu, "Nimesikia, dada." Akakusanya vyombo, akaviosha, akaingia ndani.

Jumapili, 27 Aprili

Kamba tupu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kamba tupu. Nimeshona magauni mawili ya sherehe ya kipaimara, na nimeimba.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kubwa, barabara ya chini haipitiki. Kamba tupu siku ya nne. Kumbe walikuwa wanaweza kujizuia. Mudathir bado hasemi nami, analala upande wake wa kitanda kama gogo la karakana. Bora hivyo.

Udi tu ndio haujaacha. Umezidi.

Alhamisi, 1 Mei

Tunu hakutoka chumbani. Nilimsikia anakohoa moshi wake mwenyewe.

Ijumaa, 2 Mei

Naandikia hospitali, kwenye benchi. Nimeibeba dayari bila kujua, ilikuwa mkobani na futi.

Asubuhi Mudathir alikwenda Bunju na mafundi wa plasta. Nikajiwa na mama mmoja anataka vifungo vya dhahabu kwenye suti ya bwana arusi, na kopo langu la vifungo lilibaki chini ya kitanda kule uani. Nikagonga. Kimya. Nikasukuma mlango.

Moshi ulinipiga usoni. Tunu alikuwa amejifunika blanketi anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Akasema ni malaria, itapita. Nikasema pole, nikainama kuchukua kopo. Pembeni ya kopo kulikuwa na beseni, limefunikwa na mkeka. Nikafunua. Kanga, zote, zimelowa, zimekunjwa vizuri.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikasema moyoni, kumbe hawakuacha, wameacha kuanika tu. Nikachukua ya juu nikaipeleka puani, nitafute yale mafuta ya karafuu anayojipaka Mudathir mgongoni.

Sikuikuta karafuu. Nilikuta harufu nyingine, nikakaa sakafuni. Harufu ile nimeishi nayo mwezi mzima kwenye godoro langu mwenyewe, mwaka ule wa mimba yangu. Nililiosha godoro, nikalianika, nikaligawa, na bado nilikuwa naisikia.

Nikamuuliza, "Tunu, maji haya yameanza lini?"

"Ni mkojo, dada. Mtoto anakibana kibofu, najikojolea kama kitoto. Naona haya. Usimwambie."

"Mkojo haunuki hivi."

Akaanza kulia. Nikamshika paji la uso, lilikuwa linaunguza. Nikatoka na kanga ile mkononi kumwita Kondo wa bajaji. Kondo alivyomwona alivyolowa akasema amebadilisha viti juzi tu. Nikamwambia nitamshonea kava nyingine, na mapazia juu, aondoe gari. Barabara ya chini maji yalikuwa yanaingia miguuni. Tunu alikuwa ameniegemea, na kila bajaji ikiruka alikuwa ananishika gauni. Mama wa suti tulimwacha sebuleni na taarifa ya habari.

Mkunga aliyetupokea anaitwa Demetria, mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Akapima, akasikiliza tumbo, akanusa, akaita wenzake. Akasema chupa ya uzazi imevuja muda mrefu na wadudu wamepanda, mapigo ya mtoto yanakimbia. Akamuuliza Tunu tangu lini. Tunu akaniangalia kwanza mimi, halafu akasema tangu wiki ya Pasaka.

Wiki ya udi.

"Nani anaishi naye nyumbani?" Demetria akauliza. Nikasema mie. Akauliza kama sikuona dalili yoyote.

Niliziona zote. Hakuna mtu Mbagala nzima aliyeziona kama mimi, na nyingine nimeziandika humu kwa tarehe. Alioga kwa ajili ya maji yale. Alifua kwa ajili ya maji yale. Alifukiza kwa ajili ya harufu ile. Mimi na Mudathir tulikaa barazani tunabishana kama zamu yangu imeibiwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, sasa unafua nini? Nilimjibu mkunga kwamba sikujua. Alinitazama kidogo, akaenda kufunga dripu.

Jumamosi, 3 Mei

Tunu yuko kwenye dripu mbili. Wamemchoma na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mudathir alikuja usiku, macho mekundu. Mama yake Tunu yuko Utete, maji yamekata barabara, hawezi kufika.

Leo nimeongea na daktari, kijana anaitwa Ansbert. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia mie ni fundi wa nguo, anieleze kama anavyomweleza fundi, chupa ile inapasukaje kabla ya siku zake.

Akanikalisha. Akasema watu wanadhani ni mfuko tu wa kubebea maji. Kumbe ni ngozi mbili zilizoshikana, nyembamba, ya ndani kwa mtoto, ya nje kwa mama, na hazikukaa bure. Wadudu wakipanda kutoka chini ngozi zile zinawatambua. Zinatoa sumu zake za kuwaua, zinapiga kelele mpaka askari wa damu wa mama wanakuja. Zinamlinda mtoto kweli. Lakini vita ikirefuka, zile sumu za kuulia wadudu zinaanza kula nyuzi za ngozi yenyewe, na zile kelele zinaliamsha tumbo lianze kusukuma kabla ya wakati.

Nikamwambia, kama dawa ya kutoa madoa. Unaimwaga kwenye gauni jeupe kuua doa, doa linatoka, lakini ukiiacha sana kesho gauni linachanika palepale. Akasema ndiyo, hivyo hasa. Akauliza nani kanifundisha.

Halafu nikamuuliza swali langu. Nikamuuliza kama mjamzito akinyanyua mikono juu, labda kupandisha pazia, au kuanika, inaweza kuipasua.

"Hapana, mama. Mikono haina uhusiano."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nani alikwambia?"

Nikamjibu ni mtu mmoja, amekufa. Nilitoka nje nikakaa karibu na bomba nikalia, mlinzi akaniletea kiti. Miaka yote hii nikimpita mtu anatundika pazia moyo ulikuwa unanidunda. Niliinamisha kichwa mbele ya mama mkwe mpaka anazikwa. Kumbe mwanangu alikuwa amefungiwa ndani ya kitu kilichokuwa kinampigania, na kikaisha kwa kupigana, na hakuna aliyeniletea hata dripu moja.

Hapo ndipo wivu uliponirudia, nikiwa bado na machozi. Tunu ana dripu mbili. Ana sindano ya mapafu. Ana bajaji iliyoitwa na mtu aliyejua harufu. Mimi nilipewa lawama na kikombe cha uji. Mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu hata kwa dripu, sikulijua hilo mpaka leo.

Nilirudi kwa daktari kabla hajaondoka, nikamuuliza la mwisho, kama ugomvi nyumbani unaweza kupasua chupa. Akasema haupasui. Akasema kinachoua ni kuchelewa kuja.

Jumapili, 4 Mei

Amezaliwa saa nne asubuhi. Msichana. Kilo moja na robo. Alilia kidogo tu, wakamkimbiza.

Jumatatu, 5 Mei

Homa ya Tunu haishuki. Hajamwona mtoto.

Jumatano, 7 Mei

Mtoto anapumua mwenyewe. Demetria alitoka akasema sasa anataka kifua, abebwe ngozi kwa ngozi mchana kutwa, joto la mtu linamfaa kuliko mashine. Mama yake hawezi, yuko wodi nyingine na homa. Mudathir ndiye aliyeanza. Walimfunga mtoto kifuani, lakini mikono yake ile inayobeba magogo ilikuwa inatetemeka vibaya mpaka wakamchukua tena. Akatoka nje akisema anakwenda kutafuta dawa.

Demetria akanigeukia. "Wewe ni nani wa mtoto?"

"Mke mwenza wa mama yake."

Wauguzi wawili waliangaliana. Yeye hakuangalia mtu. "Kifua unacho?"

"Ninacho."

"Vua gauni, nawa mikono."

Walimweka katikati ya maziwa yangu, uso umegeuzwa pembeni, miguu imekunjwa kama ya chura. Wakatuzungushia kanga. Ilikuwa moja ya zile za beseni, niliyoifua mwenyewe Jumamosi kwa maji ya moto. Hana uzito. Niliogopa kuvuta pumzi. Baadaye nikahisi pumzi yake inafuata yangu, nikipumua anapumua.

Wanaleta maziwa ya Tunu kwenye kikombe kidogo, matone tu, anayakamua huku ana homa. Mtoto alikuwa hajafumbua jicho tangu aje kwangu. Kikombe kilipokaribia akageuza kichwa. Alijua harufu ya mama yake. Nilimshikilia nikamnywesha kwa kijiko, na roho inaniuma.

Ijumaa, 9 Mei

Kifuani kutwa.

Jumamosi, 10 Mei

Kifuani. Jesca kaniletea ndizi na kuniambia mama wa suti amepata vifungo kwa mtu mwingine. Amempa mtoto shikamoo, kwa utani.

Jumapili, 11 Mei

Wamempa jina Munira, la bibi yake Tunu. Hawakuniuliza. Kwa nini waniulize?

Alhamisi, 15 Mei

Homa imeisha. Leo Tunu amekuja kwa miguu yake, anashika ukuta, amekonda. Nilimwona mlangoni nikajifanya nimesinzia.

Akakaa kiti cha pembeni. Alimwangalia mwanawe muda mrefu kabla ya kunipa shikamoo. Nikaitikia. Kisha akasema taratibu, bila hasira, ningependa awe na hasira, "Da Zube, mie nilikuwa naanika. Uliposema kamba ndiyo shahidi wako, nikaona nisikupe ushahidi. Nikawa nazificha."

"Si ungeniambia unatoka maji?"

"Ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mtoto alikuwa anapumua juu yangu, nikashindwa kusema uongo na yeye yuko palepale. Nikasema nisingemwamini, ningesema ni njia ya kumvuta Mudathir. Nikamwambia na lingine, kwamba nilimwona ananyanyua mikono kwenye kamba, nikijua wanachosema watu, na nikanyamaza. Mikono haina kosa, daktari kasema. Lakini mimi wakati ule nilikuwa naamini ina kosa.

Nilijua anaweza kunifukuza na ana haki. Tunu akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Nipe mwanangu," akasema.

Nikaanza kufungua fundo. Lilikuwa gumu, nililifunga mwenyewe asubuhi. Nilichukua muda, na Tunu hakunisaidia, alikaa tu akiniangalia vidole. Lilipofunguka kifua changu kilipata baridi. Munira alitua kwa mama yake, akatulia papo hapo, kama ambaye hakuwahi kuwa pengine. Nikavaa gauni nikatoka kununua maji ambayo sikuyahitaji.

Niliporudi Tunu alikuwa ameegemea, jasho linamtoka, bado hana nguvu. Akasema bila kunitazama, "Sitaweza kutwa nzima. Tugawane zamu. Mie asubuhi, wewe mchana." Midomo yake ilitaka kucheka kwenye lile neno zamu, akaizuia.

Jumanne, 20 Mei

Zamu yangu mchana. Nimefika saa tano, nimeambiwa ningoje.

Alhamisi, 22 Mei

Tunu alizidisha nusu saa. Nilimwambia.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimekatika. Nimekaa na mtoto kifuani, nimemweleza juu ya ngozi zile mbili. Nimemwambia zilimpigania mpaka zikaisha, na zilimpigania na yule mwenzake aliyetangulia, ila kwake hazikupata msaada. Alikuwa amelala.

Alhamisi, 29 Mei

Mudathir amekuja na habari njema, ndivyo alivyoziita. Plasta ya Bunju imekwisha, choo kiko tayari. Mtoto akiruhusiwa, yeye na mama yake watakwenda moja kwa moja Bunju, na mimi nitapata chumba changu cha kushonea. Alikuwa amesimama anangoja nifurahi. Si ndicho nilichokuwa nikikidai tangu siku ya kwanza?

Nilimwambia nataka kuiona kwanza nyumba yenyewe.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Bunju. Ni nyumba nzuri, Mungu anisamehe. Sebule ina upepo. Niliizunguka yote, nikaweka kiganja ukutani kila chumba. Nikamwambia Mudathir plasta bado mbichi, mtoto wa kilo zile atashikwa na kifua wiki ya kwanza. Tena madirisha hayana wavu. Tena kutoka huku mpaka hospitali, Bagamoyo Road ile na foleni zake, mtoto akizidiwa mtafika saa ngapi? Nikasema daktari amekataza unyevu.

Daktari hakusema hivyo. Lakini angeulizwa angesema.

Mudathir aliniangalia kama mtu anayepima ubao uliopinda. Kisha akasema basi, wakae Mbagala mpaka Desemba.

Alhamisi, 5 Juni

Ameruhusiwa. Kondo amewaleta kwa bajaji yenye kava mpya na mapazia, hakuendesha zaidi ya mtu anayetembea. Tunu amerudi uani. Cherehani imebaki karibu na televisheni.

Jumapili, 8 Juni

Idd imepita jana. Nyama imegawiwa, Jesca amepata mguu mzima.

Jua ni kali, uwanja umekauka. Jioni hii Mudathir alinifuata sebuleni, amekoga, amejipaka karafuu, akaniambia kwa upole, ule upole nilioudai miezi yote, kwamba leo ni zamu yangu. Nikamwambia naijua, anitolee uzi ule mweupe chini ya meza, nina nepi za kupinda. Akanitolea.

Wivu haujatoka. Nilifikiri utatoka na mvua. Leo mchana Munira alikuwa kifuani kwangu amelala, Tunu akapita na sufuria tu, wala hakusema neno, na mtoto akageuza kichwa kumfuata. Roho iliniuma vilevile kama siku ile ya kanga nne. Ila sasa najua naumwa kwa ajili ya nani, na huyo haendi msikitini alfajiri.

Nimefua nepi zote mwenyewe. Nimezianika kamba nzima, toka ukuta wa Jesca mpaka mlango wa uani, nimenyanyua mikono mpaka juu, na sikuinamisha kichwa. Tunu alitoka kutaka kunisaidia. Nikamwambia akakae, leo si zamu yake.